Usiitike ya Tatu

Mwanasha alikuwa msusi wa nywele pale Ukunda, na ukikaa kwenye kiti chake usukwe, ulikuwa unainuka na mambo mawili: nywele zilizokazwa mpaka nyusi zikapanda, na hadithi nzima ya *Usiitike*, uwe umeitaka ama hukuitaka.

*Usiitike* ilikuwa filamu ya kutisha, imetengenezwa na vijana wa Mombasa, na kisa chake kilikuwa chepesi. Mwanamke ameolewa ugenini, mawifi wanamsingizia mambo, mwisho wanamtupa kisimani akiwa hai. Tangu siku hiyo, mtu akisikia jina lake linaitwa kutoka upande wa kisima naye akaitika, haonekani tena. Basi. Hakukuwa na damu nyingi wala mapembe. Kulikuwa na sauti inayoita, na watu waliojiziba midomo kwa mikono yao wenyewe wasiitike.

Mwaka ule filamu ilipotoka, Mwanasha alikuwa ameachika. Alikuwa amerudi Bongwe kwa shangazi yake na mkoba mmoja, na habari za mawifi hakuhitaji kuhadithiwa na mtu. Alipomwona yule mke akitoka kisimani, leso imemganda mwilini, wenzake ukumbini walipiga mayowe. Yeye alipiga makofi.

Ya pili haikumpendeza. "Wamemfanya mzimu aongee sana," alimwambia Eunice, mwenzake wa saluni, mtu wa Kinango, ambaye hakuzipenda filamu za kutisha lakini alimpenda Mwanasha. "Mzimu akishaanza kujieleza, amekuwa mtu tu mwenye malalamiko yake."

"Si usiitazame, basi."

"Nisipoitazama nitajuaje walivyoiharibu?"

Kwa hivyo ya tatu ilipotangazwa alikaa siku nzima hana raha. Aliitaka. Aliiogopa pia, na si kwa kutisha kwake bali kwa kuharibika kwake. Kwenye ukurasa wao vijana waliandika kwamba safari hii picha zitapigwa huku Kusini, baina ya Diani na Msambweni, na kwamba wanatafuta uso wa bibi kizee. Yule mke wa kisimani ataonekana akiwa ameingia uzeeni hukohuko chini ya maji.

Mwanasha hakulifikiria jambo hilo mara mbili.

Shangazi yake, Bi Mwanapili, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, umri umekwenda, na kwa miaka mingi aliuza muhogo wa kukaanga njiani karibu na geti la shule. Moshi wa kuni ulikuwa umemla macho. Moja lilikuwa jekundu siku zote, na jingine lilikuwa limeingia mtoto wa jicho. Watoto wa shule aliwajua kwa majina yao na majina ya mama zao, na alikuwa na sauti ya kuita, ndefu, yenye kwenda mbali. "Yusra wee! Chenji yako umeisahau!" Mtoto alikuwa ameshavuka barabara lakini alisikia, akarudi mbio.

Kwenye simu ya Mwanasha kulikuwa na picha nyingi za shangazi. Zilikuwapo za Idi, amejitanda leso mpya, anacheka, pengo linaonekana. Na ilikuwapo moja aliyoipiga zamani bila sababu: shangazi ameinama juu ya karai, moshi umemzunguka, jicho jekundu linameta na jingine limefunikwa na utando. Mwanasha aliituma hiyo ya moshi.

Majibu yalikuja kabla hajamaliza kichwa cha mteja aliyekuwa naye.

Mwongozaji aliitwa Amin, kijana mpole mwenye ndevu fupi. Alikuja Bongwe mwenyewe, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kula muhogo kwanza, maneno hayapoi."

Alikula muhogo na pilipili mpaka machozi yakamtoka, kisha akamweleza kazi. Shangazi alimsikiliza huku akigeuza vipande karaini.

"Na huyo mtu ninayemwigiza," aliuliza, "ni mtu mzuri ama mbaya?"

"Ni mtu aliyeonewa, bibi."

"Basi huyo namuweza," alisema shangazi.

Kisima walichokitumia kilikuwa kwenye shamba la minazi upande wa Kinondo, kisima cha zamani kisicho na maji tena. Shangazi alifuatwa kwa gari. Hilo lilimfurahisha kuliko filamu yenyewe, na aliwapungia mkono majirani wote tangu nyumbani mpaka barabara ya lami. Walipofika, msichana wa kuwapaka waigizaji alimsogelea na masanduku yake ya rangi. Amin akamshika mkono.

"Huyu usimguse," alisema. "Hatuhitaji kumpaka chochote."

Wenzake walicheka. Mwanasha, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamera kwa idhini maalumu, alicheka pia, na kifua kilimjaa fahari. Shangazi hakusikia. Alikuwa anamuuliza kijana wa taa kama mama yake yu hai.

Wakati wa kurekodi sauti, Amin alimwambia, "Mwite mtu, bibi. Mtu unayempenda, na yuko mbali."

Shangazi alifikiri kidogo, akainua kidevu. "Mwanasha! Mwanasha ee! Njoo, mwanangu, njoo!"

"Labeka, shangazi!" Mwanasha akaitika pale nyuma, bila kujua kama amefungua mdomo.

Walicheka wote, hata Amin, na ikabidi warudie. Mara ya pili Mwanasha alijiuma kidole asiitike. Sauti ilitoka ndefu, ikaingia kisimani na kurudi, na kijana mmoja wa vyombo alijikuna mikono kwa vile vinyweleo vilivyomsimama. Amin alifumba macho na kutikisa kichwa, kama mtu aliyeonja kitu kitamu.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Ukunda, Jumamosi baada ya adhuhuri, kwenye ukumbi wa ghorofani. Shangazi alifukiza udi, akavaa leso aliyotunzwa na akina Amin, na wakakaa safu ya mbele kwa ajili ya jicho lake. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi.

Saa nzima ya kwanza Mwanasha hakupumua vizuri. Walikuwa wameirudia ile filamu ya kwanza aliyoipenda. Kimya kilikuwa kimerudi, na kile kisima, na mtoto anayechota maji ambaye shingo yake tu ndiyo inaonekana. Kisha ukuta wote ukajaa uso wa shangazi, mkubwa kuliko nyumba yao, jicho moja jekundu, na ile sauti: *Mwanasha! Mwanasha ee!* Ukumbi mzima ulirudi nyuma vitini kwa pamoja. Alihisi machozi. Alitaka kusimama aseme, huyo ni wetu.

Ndipo walipoigeuza. Kulikuwa na wifi mmoja mzee ambaye katika filamu ya kwanza alikuwa mkatili kupita wote. Sasa alipewa hadithi ya kusimulia, na hadithi yake ilikuwa kwamba yule mke hakuonewa. Alikuwa mchawi tangu utotoni. Aliwala ndugu zake mmojammoja, na waliomtupa kisimani waliiokoa familia. Kila kitu ambacho Mwanasha alikipenda kwa miaka yote ile kilipinduliwa na mwanamke mmoja aliyekaa mkekani. Mwisho watu wa kijiji walikusanyika na majembe na mawe.

"Mfukieni!" mtu mmoja alipiga kelele nyuma ya ukumbi. "Mfukieni!"

Wakaitikia wote. Udongo ulianguka juu ya uso wa shangazi, jicho jekundu likawa la mwisho kufunikwa, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Shangazi, ambaye jicho lake halikushika vizuri picha za haraka na masikio yake hayakushika maneno katika makelele yale, aliona watu wanapiga makofi, naye akapiga.

Taa zikawashwa. Mwanamke wa safu ya nyuma yao aliinuka na mtoto begani, na mtoto yule akakutana na uso wa shangazi aliyekuwa amegeuka kuwatazama wenzake.

"Salaam aleikum, mwanangu," shangazi alimwambia. "Usiogope."

Mtoto alipiga yowe ambalo hakuna hata mmoja aliyelipiga katika filamu. Mama yake aligeuka, akaona, akaruka kiti. Waliokuwa mlangoni walidhani ni moto. Wengine walikimbilia ngazi, wengine walibaki wakicheka na kuinua simu zao. Shangazi, akidhani ni mchezo ambao ni sehemu ya shughuli, alicheka pia na kupunga mkono. Hiyo ndiyo picha iliyosambaa, kuliko filamu yenyewe: bibi mwenye jicho jekundu anacheka katikati ya viti vilivyopinduka. Chini yake mtu alikuwa ameandika, *Ametoka.*

Jioni ile Mwanasha aliandika maoni yake kwenye ukurasa wa filamu. Yalikuwa marefu. Alisifu kimya, alisifu mwanga, alisema saa ya kwanza ni bora kuliko chochote walichowahi kufanya. Kisha alisema mwisho umemsaliti kila aliyeipenda filamu ya kwanza, na kwamba mtu aliyeonewa hageuzwi mwovu kwa maneno ya adui yake. Wapenzi wa filamu walimjibu kwa makundi. "Mwisho ndio utamu wenyewe, dadangu." "Wacha kulia, ni muvi tu." Alibishana nao mpaka betri ikaisha. Alipoyasoma tena asubuhi, aliona kwamba juu ya shangazi yake alikuwa ameandika jambo moja tu: *bibi aliyeigiza ametisha kweli kweli.*

Alimpigia Amin.

"Ulimwambia ni mtu aliyeonewa."

"Wakati ule alikuwa ameonewa," Amin alisema kwa upole wake uleule. "Tulibadilisha wakati wa kuhariri. Watu wamechoka na walioonewa, Mwanasha. Wanataka mtu mbaya. Na ule uso, haki ya Mungu, ukiutazama huwezi kuamini kwamba ameonewa."

Kilichomuuma Mwanasha ni kwamba, kwa mtu anayeijua kazi ya kutisha, maneno yale yalikuwa kweli.

Watoto ndio waliotangulia kumkimbia. Mchana wa Jumatatu shangazi aliwasha moto kama kawaida na kuwaita. "Yusra wee!" Yusra aliziba masikio kwa viganja. "Usiitike! Usiitike!" wenzake walimpigia kelele, wakavuka barabara kwa mbio na vicheko. Siku ya kwanza shangazi alicheka nao. Wiki ilipokwisha, hawakuwa wanacheka tena, walikuwa wanakimbia tu. Akina mama wawili walimwendea kwa adabu zote, shikamoo mbele, wakamwomba asogee mbali kidogo na geti, watoto hawalali. Alisogea. Wakaja tena.

Vijana walikuwa wameikata ile sauti na kuifanya mlio wa simu zao. Ukipita penye bodaboda ulisikia, *Mwanasha ee! Njoo, mwanangu, njoo!* na simu ikapokelewa. Walipomwona Mwanasha mwenyewe anapita waliipiga kwa makusudi, wakamtazama kama atageuka.

Kisha ikawa salamu. Shangazi alikaa barazani kwake na kumsalimia kila anayepita, kama alivyofanya maisha yake yote, na watu wakaanza kuwa viziwi. Ijumaa moja imamu aliligusia jambo hilo katika hotuba. Alisema kutoa salamu ni sunna na kuijibu ni wajibu, wala hakuna filamu iliyoteremshwa kubadilisha hukumu hiyo. Wanaume waliinamisha vichwa kukubali. Walipotoka walipita mbele ya baraza, shangazi akawaambia, "Salaam aleikum, wanangu," na midomo yao ikacheza bila kutoa sauti, ili dhambi isiwapate na majina yao yasijulikane.

Fauzia, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na mtoto mchanga. Ni shangazi aliyempelekea uji siku zote za arobaini yake. Mtoto alipopata homa, Fauzia hakusema neno baya, ila mumewe alikuja na mabati akaziba pale uani palipokuwa wazi baina ya nyumba mbili.

"Mimi siamini mambo hayo, Mwanasha," Fauzia alimwambia kwenye mfereji, akitazama ndoo yake. "Lakini mtoto ni wangu."

Mtoto alipona homa. Mabati yalibaki.

Na Mwanasha mwenyewe? Saluni ilikuwa imejaa. Wateja walitoka mpaka Waa kuja kusukwa na yule ambaye jina lake linaitwa kwenye filamu, na waliomba aiweke kwenye televisheni ya ukutani. Aliiweka. Aliwaeleza jinsi sauti ilivyorekodiwa, jinsi alivyoitika bila kutaka, na walicheka na kushika vifua. Kila ilipofika ule mwisho alikuwa na la kulaumu. Kila ilipofika ule uso, mikono yake ilisimama kwenye nywele za watu.

"Utaitazama mpaka lini?" Eunice alimuuliza siku moja, walipobaki wawili.

"Saa ya kwanza ni nzuri, Eunice. Siwezi kusema si nzuri."

"Sikukuuliza hivyo."

Nyumbani alikuwa ameanza kumtazama shangazi. Hakuwa anamwogopa, angeapa hivyo. Lakini shangazi alipokaa kimya gizani akingoja umeme urudi, Mwanasha alijikuta anawasha tochi ya simu na kummulika usoni, mara moja, haraka, kisha anazima. "Unatafuta nini, mwanangu?" shangazi aliuliza. "Mbu," alisema. Na kitasa cha chumba chake, kilichokuwa kimelegea tangu aliporudi kwao, alikinunulia misumari mipya.

Siku ya jambo lenyewe saluni ilikuwa imefungwa. Ilikuwa mchana mkavu, jua kali, na Mwanasha alikuwa ndani akishona wigi la mteja. Nyuma ya ua, vijana walikuwa wamepita wakichezea simu zao, na ile sauti ilikuwa imelia mara kadhaa, wakacheka wakaenda zao. Baadaye kidogo ilikuja tena.

"Mwanasha! Mwanasha ee!"

Alichoma sindano, akavuta uzi.

"Mwanasha! Njoo, mwanangu!"

Aliinua mkono akaongeza redio. Sauti iliita tena, na tena, halafu ikawa inaita kwa mapumziko marefu, halafu ikaacha. Alimaliza mstari aliokuwa akiushona. Alimaliza na mwingine.

Alipotoka uani kuanua nguo, jua lilikuwa limeanza kuelekea alasiri. Shangazi alikuwa nyuma ya choo, ameanguka ubavu juu ya mawe, mguu mmoja umekaa vile ambavyo mguu haukai. Birika lilikuwa limemwagika pembeni na udongo ulikuwa umeshakauka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua.

"Nilikuita," alisema.

"Nilidhani ni wale vijana na simu zao, shangazi. Wallahi nilidhani ni simu."

Shangazi alimtazama kwa lile jicho lililokuwa linaona. "Hata ningekuwa mimi ningedhani hivyo," alisema.

Lakini Mwanasha alikuwa mpenzi wa filamu ile, na sauti ya kwenye simu aliijua kama anavyoijua Fatiha. Alijua inapopanda, inapokatika, pumzi iliyoko kabla ya *njoo*. Sauti iliyomwita mara ya pili ilikuwa na kikohozi katikati. Kwenye simu hakuna kikohozi. Alikuwa amekisikia, sindano ikasimama, na mkono wake ukaenda kwenye redio. Kama alidhani ni simu, kwa nini sindano ilisimama? Swali hilo hakumwambia mtu.

Alikimbia nje kuomba msaada wa kumbeba. Kwenye maskani walikaa wanaume watano au sita, na aliwaomba kwa majina. Mmoja alisema mgongo unamsumbua. Wengine walitazama simu. Fauzia alichungulia juu ya mabati, akasema, "Pole, Mwanasha, pole sana," na akashuka. Mwisho alimpigia simu Eunice, naye akaja kutoka Ukunda na dereva wa tuktuk, mgeni kutoka bara, ambaye filamu hakuwahi kuiona.

"Cucu, shikilia hapa kwa shingo yangu," dereva alimwambia shangazi, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Pole pole. Usijali, utakuwa sawa."

Yeye na wanawake wawili walimwinua. Shangazi alilia kwa sauti mara moja tu, na sauti ile ilipotoka, mlango wa nyumba ya tatu ulifungwa.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilala hospitali Msambweni kwa muda, na huko wodini angalau walimwitikia salamu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili alipotembelewa na wapwa zake. Walimtambua. Mmoja aliomba kupiga picha naye. Mwingine aliomba mgonjwa wao ahamishwe kitanda.

Chirau, mwanawe shangazi, alikuja kutoka Lunga Lunga kumchukua. Alikuwa mtu wa maneno machache na alimsikiliza Mwanasha mpaka mwisho: filamu, Amin, watoto, mabati.

"Picha nani aliipeleka?" aliuliza.

"Mimi."

"Ile ya moshi?"

"Ile ya moshi."

Chirau alikunja mablanketi ya mama yake, akayafunga kamba. "Ulikuwa nazo za Idi," alisema. "Nilizipiga mimi mwenyewe, kwa simu yako. Ulikuwa nazo."

Mwanasha alikwenda Lunga Lunga baada ya miezi. Shangazi alikuwa kitandani karibu na dirisha, amepungua, nywele zimesukwa vibaya na mkaza mwanawe. Mwanasha alizifumua na kuzisuka upya taratibu, na shangazi alifurahi kuguswa kichwa.

"Hebu niambie," alisema. "Ile filamu yetu. Mwisho wake ulikuwaje? Niliona udongo tu, na watu wakapiga makofi."

Mwanasha aligawanya nywele kwa kitana. "Walijua kwamba alionewa," alisema. "Wakamtoa kisimani. Wakamkosha, wakamsalia, wakamzika vizuri. Ule udongo ulikuwa wa kaburi."

"Na yule wifi?"

"Aliomba msamaha mbele ya watu."

"Alhamdulillahi," alisema shangazi, na akaegemeza kichwa. "Nilijua ni jambo zuri. Watu hawapigi makofi namna ile bure."

Chumba cha pili wajukuu walikuwa wameinamia simu moja, na Mwanasha aliitambua ile filamu kwa kimya chake kabla sauti haijaanza. Aliinuka, akaufunga mlango, akarudi kusuka.

Alipokuwa barabarani akingoja gari la kurudi, simu ililia. Ilikuwa ni Amin. Alimuuliza hali, na hali ya bibi.

"Hatembei," Mwanasha alisema. "Alivunjika nyonga."

"Lo. Pole sana. Mpe pole zangu." Kisha akaendelea kwa adabu zake. "Nilitaka ujue kabla ya wengine, maana wewe ni mtu wetu. Tunaanza ya nne. Bibi hatutamsumbua, usiwe na wasiwasi. Sauti yake tunayo ya kutosha."

Kwa miezi mingi Mwanasha alikuwa amemwekea mtu huyu maneno. Aliyapanga usiku kitandani, akayanoa, mengine yalikuwa ya kumtoa machozi. Alifungua mdomo ili ayaseme. Lori la mchanga lilipita, likamfunika vumbi, akasubiri lipite.

"Mwisho wa ile mtaurekebisha?" aliuliza.

"Hilo ndilo nililokupigia," Amin alisema, na sauti yake ilichangamka. "Sikiliza."

Mwanasha alikaa juu ya jiwe la kando ya barabara, akaziba sikio moja kwa kidole ili asikie vizuri, na akamsikiliza mpaka mwisho. Wazo lilikuwa zuri. Alitafuta kasoro na hakuiona. Gari lake lilifika, likapiga honi, likaenda.

"Itatoka lini?" alimuuliza.